Sura ya Tisa ya Profesa Likaku

Profesa Gresham Likaku alikutwa amekufa Jumatatu saa moja asubuhi, ameketi kwenye kiti chake cha kusomea, midomo imegeuka bluu na droo zote tatu za meza zimevutwa nje. Alikuwa amewahi kuwa waziri mara nne, chini ya marais watatu ambao hawakupendana hata kidogo, na kila aliyeingia Ikulu alimkuta Likaku ameshaketi. Sokoni Zomba walimtania kwa jina la Kitasa: mwenye nyumba huhama, kitasa kinabaki mlangoni.

Inspekta Madalo Chipofya aliitwa kwa sababu moja tu. Waziri wa zamani hazikwi bila saini ya ofisa mwenye nyota begani.

"Pumu," alisema Daktari Chisale huku akivua glavu. "Anayo tangu utotoni. Amekufa jana, kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili. Sioni jeraha, wala dalili ya sumu. Tia saini hapa, nikanywe chai."

"Na droo hizi?"

"Alikuwa anatafuta dawa yake."

"Iko wapi?"

Daktari aliangalia juu ya meza, akaangalia sakafuni. "Itakuwa imebingirikia mahali."

Sajini Makwinja alilala kifudifudi kwenye zulia, akaingiza kichwa chini ya meza, chini ya kabati, chini ya kochi. Alitoka na vumbi puani na kifuniko cha kalamu mkononi.

"Afande, huku chini kuna kila kitu isipokuwa inhela yake ya kuvutia dawa."

Mpishi, mzee Lyson, alikuwa barazani, ameketi kwenye ngazi na aproni yake mapajani. Ndiye aliyeukuta mwili. Macho yalikuwa makavu, lakini mikono ilikuwa ikiikunja ile aproni na kuikunjua.

"Baba Lyson," Madalo alisema, akaketi ngazi moja chini yake. "Profesa alikuwa anaweka wapi inhela yake ya pumu?"

"Haikuwa na mahali, mama. Aliivaa."

"Aliivaaje?"

"Shingoni. Kwa kamba ya kiatu, kama filimbi ya refa. Alilala nayo. Hata alipokwenda kula chakula na Rais aliificha chini ya tai. Miaka kumi na tisa nimempikia, sijawahi kuiona shingo yake tupu."

Madalo alirudi ndani. Aliinamisha kichwa cha marehemu taratibu na kushusha ukosi wa shati. Nyuma ya shingo palikuwa na mchubuko mwembamba, mwekundu, ulionyooka.

"Daktari, rudi. Chai itasubiri."

Chisale alimulika kwa tochi. Aliufuata ule mchubuko kwa kidole, upande hadi upande.

"Kamba imevutwa kutoka mbele hadi ikakatika," alisema mwishowe. "Na alikuwa hai ilipovutwa."

"Kwa hiyo si pumu."

"Ni pumu, Inspekta. Ila kuna mtu aliyeisaidia."

*

Juu ya meza kulikuwa na rundo la karatasi zilizochapwa: kumbukumbu za maisha ya Profesa, sura ya kwanza mpaka ya tisa. Mji mzima ulikuwa unazisubiri. Miaka miwili nyuma, Likaku alisema redioni kwamba anaandika maisha yake yote, na kwamba sura ya tisa itasema kila kitu kuhusu mwaka wa sabini na sita.

Hakuhitaji kufafanua. Mwaka ule Lloyd Mhango, mwalimu wa historia pale Chuo, alitolewa darasani katikati ya somo na watu wawili waliovaa suti. Chaki ilikuwa bado mkononi. Hakuonekana tena, wala maiti yake, wala kaburi lake. Waliohusika walikufa mmoja baada ya mwingine, kwa kisukari, kwa ajali, kwa uzee, na kila aliyekufa aliondoka na kipande chake cha jibu. Likaku ndiye aliyekuwa amebaki.

"Wamemnyamazisha," Makwinja alinong'ona. "Kuna mkubwa ameogopa sura ya tisa. Afande, hii kesi itatupeleka kulinda mpaka Nsanje, kwenye mbu."

"Kama wamemnyamazisha, mbona sura yenyewe wameiacha mezani?"

Madalo aliisoma pale pale, amesimama. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja.

"Mwaka huo haukuwa rahisi kwetu wasomi," aliandika Likaku. "Mwenzetu Lloyd Mhango aliacha kazi na kuvuka mpaka, na hatukupata habari zake tena. Nilisikitika sana. Mwezi uliofuata niliteuliwa kuwa mkuu wa idara, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo." Kisha mistari mingine saba kuhusu samani za ofisi mpya.

Miaka miwili watu wamesubiri, wakapewa habari za kabati.

Chini ya mistari ile karatasi ilikuwa tupu, na juu ya ule utupu mtu alikuwa amepiga mstari mmoja wa wino wa kijani, mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia. Ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula.

"Hakuipenda mwenyewe, akaifuta," alisema Makwinja.

"Angeifuta, angekata maneno. Amekata mahali pasipo na maneno."

Alipekua sura nyingine nane. Kote kulikuwa na masahihisho pembeni, maandishi madogo, ya adabu, kwa kalamu ya risasi. Hapakuwa na wino wa kijani popote. Madalo alipiga picha ukurasa ule, akaenda tena kwa mpishi.

"Baba Lyson, sura hii ya mwisho ilichapwa lini?"

"Jana, mama. Umeme ulikatika tangu Ijumaa, hata nyama iliniharibikia. Ukarudi jana saa sita mchana. Nilikuwa namsongea nsima, nikasikia ile mashine yake ya kuchapa inakereza. Akatoka na karatasi moja, akaniambia, 'Lyson, nimemaliza ya tisa.' Nikamwambia hongera. Akarudi chumbani kwake."

"Ukaondoka saa ngapi?"

"Saa nane. Nina kwaya."

"Alikuwa anamtarajia mtu?"

"Hakuniambia. Lakini aliniambia niache vikombe viwili."

"Nani alikuwa anamsahihishia kwa kalamu ya risasi?"

Lyson alimtazama kana kwamba ameulizwa jina la mlima ulio mbele yao. "Mama Mhango. Nani mwingine?"

*

Dkt. Eneless Mhango, mke wa Lloyd, alikuwa na miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu wa Historia pale Chuo, mrefu, mwenye kitambaa cheusi kichwani; hakuna mtu mjini aliyewahi kumwona bila hicho. Alifungua mlango kabla Madalo hajabisha mara ya pili.

"Karibu, mwanangu. Wewe ni Chipofya. Mwaka wa pili, ulikuwa unakaa dirishani."

"Mama, unanikumbuka?"

"Nawakumbuka waliofeli. Waliofaulu wote wanafanana."

Makwinja aligeukia ukutani kuficha kicheko. Madalo alilipokea neno lile. Ni kweli alifeli, mtihani wa Historia wa mwaka wa pili, na ndiyo sababu leo alikuwa na pingu kiunoni badala ya chaki mfukoni.

Mama Mhango alileta chai na vipande vya mkate wa mahindi. Hakumwaga hata tone.

"Umesikia habari za Profesa, mama?"

"Redio imesema saa nne. Walipiga na muziki wa huzuni."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Alhamisi. Nilimpelekea sura ya nane."

"Jumapili hukwenda?"

"Jumapili naenda kanisani, halafu nalala. Umri huu si wa kuzurura."

"Na sura ya tisa, umeiona?"

"Naisubiri."

Alisema vile vile, naisubiri, kama vile mwandishi yuko hai. Madalo aliona ni mshtuko wa kufiwa.

"Watu wanasema ulimfanyia kazi ile bure. Miaka miwili."

"Nani amesema bure?" Sauti ya mama ilipanda kidogo, ikashuka. "Tulipatana. Mimi nimsahihishie sura nane za uongo, yeye anipe ya tisa yenye ukweli. Nilitaka kujua jambo moja tu, Chipofya. Lloyd wamemlaza wapi. Sikutaka aombe radhi, sikutaka afungwe. Mahali tu."

Aligusa kitambaa chake.

"Kwetu Rumphi mjane hunyolewa siku ya kuanua matanga. Na matanga hayaanuliwi bila kaburi. Mwaka wa tatu nilimwambia mkwe wangu, ninyoeni, tuweke jiwe mahali popote. Akaniambia, 'Mkamwana, jiwe tutaliweka, lakini chini yake tutamweka nani?' Basi nikarudi kazini. Wale wazee waliokuwa waninyoe wamekufa wote. Mimi bado ni mfiwa wa wiki ya kwanza."

Nje, Makwinja alishusha pumzi ndefu. "Afande, huyu mama tumwache. Katika nchi hii nzima hakuna mtu aliyemwombea Likaku uhai kama yeye. Jibu lake lilikuwa tumboni mwa yule mzee."

Madalo alikubali. Ndilo kosa alilojilaumia baadaye, ingawa halikubadilisha kitu.

*

Mchana ule Kamishna Mtegha alipiga simu mara tatu. Mazishi ni Jumamosi. Rais anakuja. Mizinga itapigwa. Inspekta anasubiri nini?

"Kuna mtu aliyekata kamba ya dawa shingoni mwake, bwana."

"Basi mkamateni mlinzi."

"Hakuwa na mlinzi."

"Mpishi, basi!"

"Mpishi alikuwa anaimba besi kanisani mbele ya watu mia mbili."

Kamishna alikata simu. Madalo alibaki na picha ya ukurasa ule mezani. Mstari wa kijani, mshazari. Alijua amewahi kuuona, akawa anajikuna kichwa kama mtu aliyesahau jina la shemeji yake. Alikwenda dirishani, akarudi. Akala karanga za Makwinja bila kumwomba.

Ndipo ikamjia, na haikuja kwa utamu. Alikuwa na miaka ishirini, amesimama ofisi ya mitihani, analia, anaomba waangalie tena daftari lake la majibu. Karani mmoja alimhurumia, akalifungua mbele yake. Kurasa nne alizoziacha tupu zilikuwa zimefungwa, kila mmoja kwa mstari mmoja, kona hadi kona.

"Sajini, chukua funguo za gari."

Mzee Kalua, karani yule yule wa mitihani, alikuwa bado yupo Chuoni, amekonda zaidi na masikio yamezidi kuwa makubwa. Aliitazama picha mara moja tu.

"Hili ni daftari la mtihani?"

"Ni karatasi ya kawaida. Niambie mstari huu ni wa nini."

"Wa kufunga. Mtahini akimaliza kusahihisha, anafunga kila nafasi tupu, ili mtu asije akaongeza jibu baadaye. Vijana walikuwa wanahonga makarani, wanaongeza usiku. Si mimi," aliongeza haraka.

"Kila mwalimu anapiga hivi?"

"Zamani, wote. Siku hizi hawajali. Na rangi zilikuwa na kanuni. Nyekundu ni mtahini wa kwanza. Kijani ni wa pili, yule anayepitia kazi baada ya mwenzake. Akishafunga kwa kijani, hakuna rufaa."

"Profesa Likaku aliwahi kutumia kijani?"

Kalua alicheka hadi akakohoa. "Likaku? Yule tangu apate uwaziri hajawahi kushika daftari la mwanafunzi. Na kabla ya hapo alikuwa wa kwanza daima, mwekundu. Idara ya Historia ilikuwa na mtahini wa pili mmoja tu, miaka ishirini na minne. Alikuwa anatembea na kalamu yake mwenyewe kwenye mkoba, maana aliona zetu zinavuja."

"Taja jina."

"Unalijua, mwanangu. Ndiye aliyezifunga zako."

*

Jumanne asubuhi Madalo aliingia kwa Mama Mhango peke yake. Makwinja alibaki garini, kwa ombi lake mwenyewe. "Mimi nitalia, afande. Nitakuaibisha."

Mama Mhango alikuwa ameshaandaa chai.

"Mama, ukurasa wa sura ya tisa ulichapwa Jumapili mchana. Kabla ya hapo hakukuwa na umeme. Wewe umesema hukufika pale tangu Alhamisi."

"Ndivyo nilivyosema."

"Ukurasa umefungwa kwa kijani."

Kikombe kilibaki hewani. Kisha mama alifanya jambo ambalo Madalo hakulitarajia. Alitabasamu, tabasamu la mwalimu aliyejibiwa vizuri na mwanafunzi asiyemtegemea.

"Nimepiga mstari?"

"Umepiga, mama."

"Sikumbuki kabisa." Aliweka kikombe. "Nakumbuka kufunga mkoba. Sikumbuki kuufungua. Miaka ishirini na minne, mkono unajiendea wenyewe."

Madalo alimsomea onyo. Kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakalosema litaandikwa.

"Andika," alisema Mama Mhango. "Andika kwa mwandiko unaosomeka, wako ulikuwa mbaya."

Alizungumza bila kusimama, mikono mapajani.

"Alinipigia simu Jumapili saa saba. Akasema, 'Eneless, ya tisa iko tayari, njoo unywe chai.' Nilivaa nguo nzuri. Unaelewa? Nilivaa nguo nzuri kwenda kuambiwa mume wangu yuko wapi. Akanipa karatasi moja. Nikaisoma. Nikaigeuza nyuma, nikadhani kuna nyingine. Nikamuuliza, 'Gresham, iliyobaki iko wapi?' Akasema, 'Ndiyo hiyo.'"

"Ulijua anaficha kitu?"

"Mwaka juzi dereva mmoja alifariki hospitalini, mzee Saidi, zamani aliendesha magari ya wale watu. Aliniita kitandani. Akasema alipandisha watu wanne mlimani, wakashuka watatu. Yeye alibaki garini, hakuona mahali. Nikamuuliza hao watatu ni nani. Wawili walishakufa. Wa tatu ni Gresham."

Kalamu ya Madalo ilisimama.

"Walimpeleka kwa nini? Hakuwa polisi."

"Ili awe mmoja wao. Mtu akishaona kaburi, hawezi tena kujitoa. Mwezi uliofuata akapewa ukuu wa idara, nafasi iliyokuwa imepangiwa Lloyd. Sawa na kupewa nguo za marehemu, ila yeye alizivaa miaka thelathini, akapanda nazo mpaka uwaziri. Nilipomtajia Saidi, alikasirika. Akaanza kupiga kelele kwamba mimi sina shukrani, kwamba yeye ndiye aliyeniachia kazi wakati wengine walitaka nifukuzwe. Na hiyo ni kweli. Miaka yote ile nilisahihisha mitihani chini yake, yeye mwekundu, mimi kijani. Hapo ndipo kifua kikambana."

"Akashika inhela."

"Akaishika, nikaivuta. Kamba ikakatika. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni." Alikunja ngumi, kana kwamba bado ameishika. "Nikamwambia, 'Sema mahali, nikupe.' Ndivyo nilivyosema. Mara tatu. Nilikuwa nitampa, Chipofya. Naapa ningempa kabla hajamaliza sentensi."

"Akafanya nini?"

"Akavuta droo. Akaona hamna kitu. Kisha akanitazama, akafungua mdomo." Mama Mhango aliziba uso. "Alikuwa anataka kusema! Nilimwona. Miaka thelathini na miwili sikuwahi kuuona uso ule ukitaka kusema ukweli, na siku ile ulitaka. Lakini hakuwa na pumzi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika pumzi yake mkononi, halafu namwambia zungumza. Nilipoelewa nikamkimbilia, nikamwekea mdomoni, nikabonyeza, nikabonyeza. Haikuingia tena."

Alinyanyuka, akaenda kwenye kabati la vyombo, akarudi na inhela ya bluu iliyoviringishiwa kipande cha kamba ya kiatu. Akaiweka kando ya sahani ya mkate.

"Kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua alipo Lloyd. Nimemuua mimi. Sasa andika hilo, nitie saini."

Madalo aliandika. Hakuweza kumfunga pingu, na hakumfunga.

*

Kamishna Mtegha aliyasoma maelezo yale Jumatano, kurasa saba, akiwa amesimama. Mezani kwake kulikuwa na karatasi nyingine, ya kung'aa, yenye picha ya marehemu: wasifu utakaosomwa Jumamosi uwanjani. Mtoto wa mkulima wa tumbaku. Msomi. Mkuu wa idara. Waziri wa Elimu, wa Habari, wa Ardhi, tena wa Elimu. Balozi. Mshauri. Madalo aliusoma kutoka upande wa pili wa meza, maandishi yamepinduka. Mwaka wa sabini na sita ulikuwa na mstari mmoja.

"Nani mwingine ameona haya maelezo?"

"Sajini Makwinja."

"Daktari aliandika nini?"

"Kukosa hewa kwa shambulio la pumu. Na mchubuko shingoni."

"Mchubuko unaweza kuwa wa ukosi." Kamishna aliziweka kurasa saba ndani ya droo, akageuza ufunguo. "Profesa Likaku amekufa kwa pumu. Nimekosea?"

"Bwana, kuna ungamo. Kuna kielelezo. Mama mwenyewe anataka kushtakiwa."

"Najua anataka. Atasimama kizimbani, wakili atamuuliza kwa nini, naye atasema. Mlima, gari, watu wanne. Kila mwandishi wa habari atataka kujua nani alitoa amri, na watoto wa waliotoa amri leo wako serikalini." Aliketi. Alionekana amechoka, si mkatili, na hilo lilimuuma Madalo zaidi. "Baba yangu mdogo naye alichukuliwa mwaka ule, Inspekta. Unadhani sijui? Nenda kamwachie."

"Na kama nikikataa?"

"Utakataa ukiwa Nsanje, na bado nitamwachia mimi. Tofauti ni nini?"

Madalo aliitafuta tofauti hiyo, njia nzima ya korido, akaikosa.

*

Mama Mhango alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo tangu asubuhi. Alikuja mwenyewe kwa miguu. Pembeni yake alikuwa na beseni la plastiki lenye blanketi, kipande cha sabuni, mswaki na sahani ya bati. Alikuwa amewauliza majirani jela wanaruhusu nini.

"Nimejiandaa," alisema.

"Mama, unakwenda nyumbani."

"Kwa dhamana?"

"Hakuna kesi. Wameandika pumu."

Ilimchukua muda kuelewa. Polisi mmoja kijana alipita na faili, akamwamkia, naye akaitika kwa adabu zote.

"Kwa hiyo hakimu hataniuliza kwa nini?"

"Hapana, mama."

"Na jina la Lloyd halitatajwa popote."

"Halitatajwa."

"Hata jela mmeninyima," Mama Mhango alisema, polepole, bila hasira. Alivitazama vitu vilivyomo kwenye beseni kimoja baada ya kingine. Madalo alitaka kumshika mkono, akajiona hana haki hiyo, akaushika hata hivyo. Ulikuwa wa baridi.

"Kuna kitu sikukuandikisha," mama alisema. "Sikutaka wakicheke mahakamani. Pale mwisho, kabla hajalala kwenye kiti, Gresham aliinua mkono. Akaunyoosha dirishani. Dirisha la chumba kile linaangalia mlima."

Madalo aliketi pembeni yake kwenye benchi.

"Lakini pia lilikuwa limefungwa. Na mtu akikosa pumzi hutaka dirisha." Alimgeukia, macho yake mekundu yamemkazia. "Siku tatu silali, mwanangu. Wewe ndiye mpelelezi. Alikuwa ananionyesha, au alitaka hewa?"

Inspekta Madalo Chipofya alifikiria kumdanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wa huruma, wenye maneno mawili tu. Lakini mlima wa Zomba una misonobari mpaka uchoke kuihesabu, na mabonde, na maporomoko, na mama huyu angeupanda kesho kwa miguu yake, na keshokutwa, mpaka umuue.

"Sijui, mama."

Mama Mhango aliitikia kwa kichwa. Aliinama, akachukua beseni lake, akakataa kusaidiwa. Makwinja alimfungulia mlango, akasimama kwa saluti ambayo hakuna aliyemwagiza.

Alipofika getini mama alisimama. Aliweka beseni chini, akainua uso, akautazama mlima kuanzia upande mmoja mpaka mwingine. Ulipokwisha, akaanza tena mwanzo.